Diski ya Rekodi za Kinande: Kasi au Nafasi?

Kwa bei ileile, fundi mmoja wa Butembo aliniwekea mezani diski mbili: ya sahani, GB 1,000, na SSD ya GB 240. Nilipiga hesabu ya sauti kwanza. Kinande ni lugha ya toni, nasi tunahifadhi WAV isiyobanwa: herzi 44,100, biti 16, stereo. Hiyo ni takriban MB 635 kwa saa. Ukitoa GB 60 za mfumo na programu, SSD hiyo hubeba saa 280 hivi. Nani kati yetu ana mahojiano ya saa 280?

Nikachukua SSD. Diski ya sahani hutafuta kila faili kwa kusogeza kichwa, kwa hiyo kutafuta neno moja katika mamia ya faili za unukuzi huchosha. Tena, pikipiki ya Beni–Butembo ikidunda mashine haijazimwa, kichwa huweza kukwaruza sahani, na masimulizi ya mzee yakapotea. SSD haina kinachozunguka.

Nafasi hununuliwa nje: diski ya zamani nimeitia katika kasha la USB, inabaki nyumbani na nakala. Kabla ya kulipa, hakikisha tundu lako ni SATA au M.2.