Kabla Hujaenda Fildi, Pita kwa Mkutubi

Muulize mwanachuo wa mwaka wa tatu data zake za utafiti ziko wapi, atapapasa mfuko: "Zipo kwenye flashi." Ni flashi hiyohiyo anayoichomeka stesheneri kila anapoprinti kazi, kwenye kompyuta iliyokusanya virusi vya chuo kizima. Ikifa leo, madodoso yote yamekwenda, na muda ambao walimu walimpa baada ya vipindi umepotea bure.

Maktaba wengi wetu tunaijua kwa vitabu, kiti cha kusomea na soketi ya kuchajia simu. Kumbe katika vyuo vingi duniani wakutubi wanasaidia pia kutunza data za utafiti: zihifadhiwe wapi, nani azione, na zitapatikanaje utafiti ukishaisha. Chuo Kikuu cha Cape Town, kwa mfano, kina hifadhi ya data inayoitwa ZivaHub, na maktaba yao ndiyo inayowaongoza watafiti namna ya kuitumia. Hapa Tanzania tuna hifadhi za kidijiti kama ile ya SUA, ingawa humo utakuta zaidi tasnifu na makala kuliko data zenyewe.

Ushauri wa kwanza ni rahisi: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mahali pengine kabisa. Laptopu na flashi ndani ya begi moja hazihesabiki, maana mwizi hubeba begi zima. Na usidhani haya ni ya wanafunzi tu. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipoteza takriban terabaiti 77 za data za watafiti kwa hitilafu ya mfumo wa kuhifadhi nakala, yaani kile kitu chenyewe kilichotakiwa kuwaokoa.

Majina ya faili nayo yana maneno yake. "Ya mwisho kabisa 2" haimsaidii mtu, na safu iliyoandikwa "S4b" hutaielewa hata wewe baada ya miezi sita. Weka faili dogo la maelezo pembeni, basi.

Pa kukazia hasa ni fomu ya ridhaa. Fomu nyingi tunazorithishana mabwenini zinasema majibu yatatumika "kwa utafiti huu tu". Sentensi hiyo inafunga mlango. Mwakani mwenzako akitaka data zilezile huwezi kumpa, umeshaahidi. Matokeo yake anarudi shule ileile, kwa mwalimu yuleyule, na dodoso linalofanana. Shule zilizo jirani na vyuo zinatujua kwa usumbufu huu, na jamani, zina haki ya kuchoka. Mkutubi anaweza kukusaidia kuandika kwamba majibu, baada ya kuondolewa utambulisho, yatahifadhiwa na huenda yakatumiwa na watafiti wengine.

Kuondoa utambulisho si kufuta jina peke yake. Ukiandika "mwalimu wa Hisabati, mwanamke, miaka 58, shule ya kata" halafu ukataja kata, kijiji kizima kimeshamjua. Afadhali uandike "zaidi ya 50" na utaje mkoa tu. Kwa sisi wa ualimu hili ni zito zaidi, maana tunahoji watoto: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto kuwa nyeti.

Kushirikisha data si kuzimwaga hadharani pia. Kuna Zenodo, inayoendeshwa na CERN kule Uswisi tangu 2013, ambayo ni bure. Unaweza kuweka maelezo ya data wazi huku faili lenyewe likibaki limefungwa, anayelihitaji akakuomba. Unapewa namba ya kudumu, hivyo mtu akitumia kazi yako anakutaja kama anavyotaja kitabu. Kwa mtu anayetafuta ajira au nafasi ya masomo ya uzamili, si haba.

Ukienda maktaba, beba pendekezo lako la utafiti, dodoso, na fomu ya ridhaa ambayo bado hajaisaini mtu. Wakishasaini, mkutubi hana tena cha kukurekebishia.