Sharubati Nzito ya Forosadi: Kikombe cha Afya kwa Mtoto Wako

 

Kina mama wengi wanaokuja kliniki huuliza kama ni vizuri kumpa mtoto sharubati ya matunda, hasa ile nzito inayosagwa pamoja na maziwa, ambayo mijini watu huiita smuthi. Jibu ni ndiyo, lakini ina masharti yake. Kikombe kile kile kinaweza kumjenga mtoto, na kinaweza pia kumletea ugonjwa wa kuhara. Tofauti iko katika umri wa mtoto, na katika usafi wa maji, maziwa na mikono yako. Leo tutajifunza kukitengeneza nyumbani, tena bila gharama kubwa.

Tumia matunda gani?

Usidhani ni lazima uende supamaketi. Mforosadi ni mti unaoota katika maboma mengi, na watoto wanaujua vizuri. Utawaona wakitoka shuleni na midomo myeusi! Chuma zilizoiva kabisa, zile nyeusi na laini. Zilizo ngumu na za kijani ziache mtini. Ukiwa karibu na Limuru au Nakuru, ambako stroberi hulimwa, waweza kutumia stroberi. Walio Pwani wana zambarau katika msimu wake, mradi kokwa zote zitolewe.

Matunda haya yana vitamini C kwa wingi. Gramu 100 za stroberi, yaani kama nane za wastani, zina takriban miligramu 60 za vitamini hiyo. Vitamini C husaidia vidonda kupona na huusaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo katika maharagwe, ndengu na mboga za majani. Madini ya chuma ndiyo yanayotengeneza damu. Matunda haya pia yana nyuzinyuzi zinazolainisha choo.

Mtoto wa umri gani apewe?

Hapa naomba unisikilize kwa makini.

Mtoto aliye chini ya miezi sita hapewi sharubati hata kijiko kimoja. Chakula chake ni maziwa ya mama pekee. Hata maji hahitaji, isipokuwa dawa aliyoandikiwa na mhudumu wa afya.

Kuanzia miezi sita hadi mwaka mmoja, mpe tunda lenyewe badala ya kinywaji. Ponda forosadi mbili tatu pamoja na kipande cha ndizi mbivu, kisha umlishe kwa kijiko. Mara ya kwanza mpe kidogo tu na umwangalie. Akitokwa na vipele au akivimba midomo, usimpe tena, umpeleke kituo cha afya. Akipumua kwa shida, kimbia naye hospitali mara moja. Endelea kumnyonyesha.

Akifikisha mwaka mmoja, waweza kumpa sharubati nzito nusu kikombe kwa siku. Kumbuka tumbo lake ni dogo. Akijaza kinywaji, atakataa ugali na mboga. Na mtoto mwenye meno bado anahitaji kutafuna matunda yenyewe. Sharubati haichukui nafasi yake.

Mahitaji

Kwa mama na watoto wawili, tafuta vitu hivi:

- Kikombe kimoja cha forosadi mbivu, au stroberi 10
- Ndizi mbivu moja kubwa
- Kikombe kimoja cha maziwa lala yaliyotengenezwa kwa maziwa yaliyochemshwa, au maziwa yaliyochemshwa na kupoa
- Maji safi ya kunywa

Namna ya kutengeneza

1. Nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Osha pia bakuli, uma, kisu na vikombe.

2. Tayarisha maji ya kunywa mapema. Yachemshe hadi yatokote kabisa kwa dakika moja. Ukiishi sehemu za juu sana kama Limuru au Kinangop, yaache yatokote dakika tatu. Yapoe katika chombo chenye kifuniko. Ukitumia dawa ya klorini, fuata maagizo yaliyo kwenye chupa na usubiri nusu saa kabla ya kuyatumia.

3. Chemsha maziwa mpaka yapande. Maziwa mabichi kutoka kwa ng'ombe au mbuzi yanaweza kuleta bruselosi na hata kifua kikuu, ijapokuwa mnyama anaonekana mzima.

4. Ondoa matunda yaliyooza au yenye ukungu. Osha mengine kwa maji safi yanayomiminika, kisha ndipo uondoe vikonyo. Stroberi hunyunyiziwa dawa mara nyingi, na kuosha hupunguza dawa hiyo lakini hakuimalizi. Kwa hivyo ukinunua shambani, muulize mkulima alinyunyizia lini na kama siku za kungoja zilizoandikwa kwenye pakiti ya dawa zimekwisha.

5. Kama una blenda, saga vyote pamoja. Kama huna, usijali. Ponda ndizi na matunda kwa uma ndani ya bakuli hadi vilainike, kisha umimine maziwa kidogo kidogo ukikoroga. Ikiwa nzito mno, ongeza maji safi.

6. Usichuje. Makapi yale unayotaka kutupa ndiyo yenye nyuzinyuzi.

7. Mpe mtoto kwa kikombe kilicho wazi. Chupa ya kunyonyea ni vigumu kuisafisha, na mtoto anayelala nayo mdomoni huharibikiwa na meno.

Usitie sukari. Ndizi iliyoiva inatosha kuleta utamu. Asali usimpe kabisa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu vinavyosababisha ugonjwa hatari wa kulegea mwili. Na ile poda ya rangi inayokorogwa kwa maji, hata kama pakiti yake ina picha ya tunda, ni sukari na rangi tu kwa sehemu kubwa.

Sharubati hii inywewe papo hapo. Isikae nje ya friji zaidi ya saa mbili, na katika joto kali kama la Garissa isizidi saa moja. Mtoto akibakisha, mnywe wakubwa. Usimwekee hadi jioni.

Mpe wakati gani?

Wengi wetu tumezoea kumpa mtoto chai pamoja na githeri au maharagwe. Chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma. Badala yake, mpe sharubati hii pamoja na chakula hicho, lakini siku hiyo tumia maji safi badala ya maziwa, kwa kuwa maziwa nayo hupunguza ufyonzaji huo. Ile ya maziwa mpe saa nne asubuhi, katikati ya milo.

Mtoto akihara

Mzazi mwenzangu, sharubati si dawa ya kuhara. Mtoto anayehara apewe maji ya ORS pamoja na dawa ya zinki kwa siku 10 hadi 14 kama mhudumu wa afya atakavyoagiza. Aendelee kunyonya na kula. Akishindwa kunywa, macho yakidumbukia, akilegea au choo kikiwa na damu, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya mara moja.

Jambo moja zaidi: forosadi huweza kukipa choo rangi nyeusi au ya zambarau. Kama mtoto alizila, anacheza vizuri na choo si cha majimaji, usishtuke. Lakini ukiona damu au kamasi, au kama hakula forosadi na choo ni cheusi, mwone mhudumu wa afya.

Ya kukumbuka

- Chini ya miezi sita: maziwa ya mama pekee.
- Miezi sita hadi mwaka mmoja: tunda lililopondwa, kwa kijiko.
- Zaidi ya mwaka mmoja: nusu kikombe kwa siku, bila sukari.
- Maji na maziwa yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni.
- Itengenezwe, inywewe, iishe.

Kama boma lako lina nafasi, panda mforosadi mmoja. Huota kwa kipandikizi cha tawi, na jirani mwenye mti hatakunyima. Hadi kipindi kijacho, kumbuka kinga ni bora kuliko tiba. Kwaherini.