Moshi na Ukungu Mbele ya Kamera: Mwanga, Chembe na Usalama

Picha ya msitu wenye ukungu, ambamo miali ya jua la asubuhi hupenya kati ya miti, humvutia kila aitazamaye. Lakini ukungu wa asili hauji kwa kuitwa. Kwa sababu hiyo wapiga picha na watengenezaji wa filamu wamebuni njia mbalimbali za kuutengeneza wenyewe. Filamu ya Blade Runner ya mwaka 1982, iliyoongozwa na Ridley Scott, inajulikana sana kwa moshi uliojazwa katika mandhari zake ili miali ya taa ionekane. Siku hizi kazi hiyo si ya mabingwa peke yao. Simu yenye kamera imo mikononi mwa watu wengi, na moshi wa picha umeingia hata katika arusi na mahafali.

Pamoja na uzuri wake, moshi huo umekwisha kuua watu. Makala haya yanakusudia kueleza kanuni za fizikia zinazoufanya ukungu uonekane katika picha, na kuonyesha kwamba mtu anayezifahamu kanuni hizo hahitaji moshi mwingi, wala moshi wa hatari.

Kamera huona nini?

Hewa safi haionekani, na mwali wa mwanga unaopita ndani yake hauonekani kwa mtu aliyesimama pembeni. Washa tochi usiku katika chumba kisicho na vumbi: utaona duara la mwanga ukutani, lakini njia ya mwanga huo hutaiona. Kung'uta kitambaa chenye vumbi la chaki mbele ya tochi, na mara mwali mzima utajitokeza. Chembe za vumbi zimeupokea mwanga na kuutawanya pande zote, na sehemu yake imefika machoni mwako. John Tyndall, mwanafizikia mzaliwa wa Ireland, alilichunguza jambo hili kwa makini katika karne ya 19. Kwa hiyo tunaposema kwamba tumepiga picha ya ukungu, kwa hakika tumepiga picha ya mwanga uliotawanywa.

Namna mwanga unavyotawanywa hutegemea ukubwa wa chembe. Mawimbi ya mwanga tunaouona yana urefu wa kati ya mikroni 0.4 na 0.7, na mikroni 1 ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Chembe zilizo ndogo kuliko urefu huo hutawanya mwanga wa buluu zaidi kuliko mwekundu. Ndiyo maana moshi unaopanda kutoka kwenye ncha ya sigara huonekana wa buluu. Moshi unaotoka mdomoni mwa mvutaji huwa mweupe, kwa kuwa chembe zake zimenyonya unyevu na kukua. Matone ya ukungu wa asili, ambayo mara nyingi yana kipenyo cha mikroni 10 hadi 20, hutawanya rangi zote karibu sawasawa, na hivyo ukungu huwa mweupe.

Jambo la pili, ambalo wapiga picha wengi hawalizingatii, ni mwelekeo. Tone lililo kubwa kuliko urefu wa wimbi huutupa mwanga mwingi mbele, yaani kule kule ulikokuwa ukielekea; ni mwanga kidogo tu unaorudi nyuma. Basi taa ikiwekwa nyuma ya ukungu, kwa upande kidogo ili isiingie katika picha, mwanga mwingi hutupwa kuelekea kamera na ukungu hung'aa. Taa ya kamera yenyewe ikitumika, mwanga mwingi hupotea mbele, na ule mchache unaorudi hutandaza utando mweupe juu ya picha nzima. Madereva wa barabara za Usambara au Limuru wanalijua jambo hili: ukiwasha taa kali ndani ya ukungu, huoni ila ukuta mweupe.

Kutokana na maelezo haya tunapata kanuni iliyo msingi wa kazi yote: ukungu kidogo ulioangazwa kutoka nyuma, mbele ya mandhari nyeusi, huonekana vizuri kuliko wingu zito lililoangazwa vibaya.

Maji na gliserini

Njia iliyo salama kuliko zote ni maji matupu. Mwaka 1970, katika Maonyesho ya Dunia yaliyofanyika Osaka, Japani, msanii Fujiko Nakaya alilifunika jengo la kampuni ya Pepsi kwa ukungu wa maji. Alishirikiana na Thomas Mee, mtaalamu wa fizikia ya mawingu kutoka Marekani. Maji yalisukumwa kwa kani kubwa kupitia matundu membamba mno, yakatoka yakiwa matone madogo sana. Inafaa kukumbuka kwamba baba yake msanii huyo, Ukichiro Nakaya, ndiye mwanafizikia aliyetengeneza fuwele ya theluji kwa mara ya kwanza katika maabara, mwaka 1936.

Kasoro ya maji ni kwamba matone madogo hukauka upesi. Katika hewa kavu, tone la mikroni 10 hutoweka kwa muda wa sekunde moja hivi au chini yake. Kwa hiyo mashine za ukungu zinazotumika katika studio na kumbi za maonyesho hutumia maji yaliyochanganywa na gliserini au glaikoli, ambazo hushikana na maji na kuyazuia yasivukizwe haraka. Mchanganyiko huo hupashwa moto hadi ukawa mvuke. Mvuke ukitoka nje hukutana na hewa baridi na kugeuka matone. Tone la mikroni 10 huanguka kwa mwendo wa milimita 3 hivi kwa sekunde, lakini lile la mikroni 1 huanguka polepole mara mia zaidi. Ndiyo sababu ukungu wa mashine huweza kuelea kwa muda mrefu. Hata hivyo mashine hizi zitumike mahali penye madirisha wazi, na watu wenye pumu wakae mbali.

Barafu kavu: hesabu ya kufanya kabla

Barafu kavu ni hewa ya ukaa, yaani kabonidioksaidi, iliyogandishwa. Katika nyuzi 78.5 za Selsiasi chini ya sifuri hugeuka gesi moja kwa moja bila kuwa majimaji. Ikitiwa katika maji ya moto hutoa wingu jeupe linalotambaa sakafuni. Wingu lile jeupe ni matone ya maji tu. Hewa ya ukaa yenyewe haionekani, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu.

Tufanye hesabu. Kilo 1 ya barafu kavu hutoa kiasi cha lita 540 za gesi. Chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.5 kina ujazo wa lita 30,000. Kilo 2 zikigeuka gesi humo, zitatoa lita 1,080, yaani asilimia 3.6 ya ujazo wa chumba. Hewa tunayovuta kila siku ina asilimia 0.04 tu ya gesi hiyo, na wataalamu wa usalama kazini huhesabu asilimia 4 kuwa hatari ya papo hapo kwa maisha. Isitoshe, gesi hii hujikusanya chini, mahali hasa anapolazwa mtu anayepigwa picha.

Tarehe 28 Februari 2020, mjini Moscow, zaidi ya kilo 20 za barafu kavu zilitiwa katika bwawa la kuogelea la ndani ili kupamba sherehe. Watu 3 walikufa.

Moshi wa kuchoma

Moshi unaotokana na baruti na fataki una hatari mbili. Ya kwanza ni moto. Tarehe 5 Septemba 2020, katika jimbo la California, fataki ya moshi iliyowashwa kwa ajili ya picha za familia ilichoma nyasi kavu. Moto uliofuata uliunguza zaidi ya hekta 9,000 na kumwua mzimamoto mmoja. Ya pili ni sumu. Baadhi ya moshi wa kijeshi una kloridi ya zinki, ambayo huharibu mapafu, na watu wamekufa kwa kuuvuta mahali palipofungwa. Hivyo hakuna sababu yoyote ya kutengeneza moshi wa namna hii shuleni.

Jaribio la darasani

Tia vijiko viwili vya maji ya vuguvugu katika chupa ya plastiki ya lita moja na nusu, uifunge na kuitikisa. Ifungue, uingize moshi kidogo wa njiti ya kiberiti iliyozimwa, kisha uifunge tena. Ibonye kwa nguvu, halafu uiachie ghafula: ukungu utatokea. Ibonye tena, nao utatoweka. Hewa inapotanuka ghafula hupoa, na mvuke hugeuka matone juu ya chembe za moshi. Rudia jaribio kwa chupa nyingine isiyo na moshi, ulinganishe. Weka kitambaa cheusi nyuma ya chupa, elekeza tochi kutoka nyuma kwa upande, upige picha. Kisha hamishia tochi mbele, upige nyingine. Tofauti ya picha hizo mbili itaeleza kanuni ya mwelekeo kuliko maneno.

Jaribio hili lina ukoo mkubwa. Mwaka 1894 C. T. R. Wilson, akiwa kwenye mlima Ben Nevis huko Scotland, alivutiwa na rangi zilizofanywa na jua katika ukungu, akataka kuziiga katika maabara. Aligundua kwamba hata hewa isiyo na vumbi huweza kufanya ukungu, kwa kuwa matone hujijenga juu ya ioni. Mwaka 1911 alifaulu kupiga picha za njia za chembe za alfa na beta, na mwaka 1927 alipewa Tuzo ya Nobel. Chembe ambazo hakuna jicho lililoweza kuziona ziliacha alama zao katika ukungu wa maji safi, ulioangazwa vizuri, ndani ya chombo kidogo cha kioo.