Kununua Nyumba ya Zamani Chini ya Mlima

Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno haya matatu: hati, rehani, mirathi. Leo tutayasoma na kuyaelewa.

Mji wa Moshi uko chini ya mlima Kilimanjaro. Reli kutoka Tanga ilifika huko mwaka 1911, na mji ukakua. Katika mji huo upo mtaa uitwao Shanty Town. Maana ya jina hilo ni mtaa wa vibanda, lakini msidanganyike. Huko kuna viwanja vikubwa, miti mirefu na nyumba za zamani. Mawingu yakiondoka asubuhi, kilele cha Kibo huonekana. Mtu akifika na fedha zake, moyo humwenda mbio. Husema, "Nimeipenda, naichukua." Hapo ndipo watu hupoteza akiba ya miaka mingi. Uzuri wa nyumba huonekana kwa siku moja. Kasoro zake hujificha katika karatasi na katika mvua.

Tuanze na karatasi. Neno la kwanza ni HATI. Kwa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake kwa niaba ya raia. Kwa hiyo hununui udongo. Unanunua nyumba, pamoja na haki ya kutumia kiwanja kwa miaka iliyoandikwa katika hati. Tupige hesabu. Tuseme hati ya miaka 66 ilianza mwaka 1970. Jumlisheni: 1970 na 66 ni 2036. Muda ukikaribia kwisha, mwenye nyumba hana budi kuomba muda mpya. Muuzaji huenda asikwambie. Hesabu hiyo ifanye wewe.

Neno la pili ni REHANI. Huenda mwenye nyumba amekopa benki, akaiweka nyumba kuwa dhamana. Akishindwa kulipa, benki yaweza kuiuza. Basi usitosheke na hati aliyoishika mkononi. Nenda kwa Msajili wa Hati, ulipe ada, uombe upekuzi. Hapo utajua jina la mwenye milki, na kama kuna rehani au zuio.

Neno la tatu ni MIRATHI. Mwenye nyumba ya zamani mara nyingi amekwisha fariki. Mtoto wake mmoja aweza kukufungulia milango yote, lakini kushika funguo si kuwa na mamlaka. Anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mwombe akuonyeshe barua ya mahakama. Na kama muuzaji ana mke au mume, Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya mwenzake kabla ya kuuza nyumba ya ndoa. Usione haya kusema, "Mzee, naomba na mama naye atie sahihi."

Sasa tuangalie mvua. Masika huanza Machi hadi Mei. Irudie nyumba siku ya mvua. Tazama maji ya mlimani yanapita wapi. Tafuta alama za maji ukutani, nyufa katika msingi, na mchwa katika mbao za paa. Mito ya Karanga na Rau hupita Moshi. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 imelinda mita 60 kutoka ukingo wa mto. Uliza pia paa ni la nini. Nyumba nyingine za zamani zina paa la asbesto. Vumbi lake huharibu mapafu na huleta saratani. Usilikate wala kulitoboa; tafuta fundi mwenye ujuzi huo, na gharama yake uitoe katika bei unapopatana.

Mkikubaliana, andikeni mkataba mbele ya wakili, lipa kwa njia ya benki, kisha uhakikishe milki imesajiliwa kwa jina lako. Kabla ya hapo, hujamaliza kununua.

Maswali ya kujadiliana darasani:
1. Hati ya miaka 33 ilianza mwaka 1998. Itakwisha mwaka gani?
2. Kwa nini funguo hazitoshi?
3. Kwa nini nyumba itazamwe wakati wa masika?