Pikipiki Chakavu, Maabara Mpya: Jua Kazi ya Kila Kifaa Kabla ya Kukikata

Buhongwa ni kata ya Wilaya ya Nyamagana, kusini mwa jiji la Mwanza, kando ya barabara kuu iendayo Usagara na Shinyanga. Kama ilivyo katika miji yetu mingi, watu wengi huko husafiri kwa bodaboda. Jina hilo lilizaliwa katika mpaka wa Kenya na Uganda, ambako baiskeli zilikuwa zikivusha watu na mizigo kutoka boda moja hadi nyingine. Leo ni jina la pikipiki ya abiria kote Afrika Mashariki. Pikipiki hizo hufanya kazi ngumu: abiria, magunia, vumbi, mawe na vilima. Baada ya miaka kadhaa huchoka. Mwenyewe akipata uwezo hununua nyingine, na ile ya zamani huegeshwa nyuma ya nyumba, ikinyofolewa spea moja moja.

Kwa mwalimu wa fizikia pikipiki ya namna hiyo si takataka. Ndani yake mna wenzo, momenti, msuguano, mwako na umeme, vyote katika chombo ambacho kila mwanafunzi anakijua. Vijana wengi hupenda kuigeuza iwe ya mtindo uitwao kafe resa: usukani mfupi ulioshushwa, kiti cha mtu mmoja, madigadi yaliyopunguzwa, taa moja ya mviringo, na umbo jembamba lililonyooka kutoka tangi hadi nyuma. Kazi hii inamfaa anayeanza, kwa kuwa sehemu yake kubwa ni kuondoa vitu wala si kuviunda upya. Lakini humo humo ndimo ilimo hatari yake. Kila kifaa kiliwekwa pale kwa sababu fulani. Anayekiondoa bila kuijua sababu hiyo hulipa barabarani, pengine kwa mguu wake au kwa uhai wa mwingine. Kwa hiyo kikundi kitakachoanza kazi hii kiandike kanuni moja ukutani: tusikate kifaa ambacho hatujaweza kueleza kazi yake.

ASILI YA MTINDO HUU

Mtindo wa kafe resa ulianzia Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960. Mahali palipovuma zaidi ni Ace Cafe, mkahawa wa London uliofunguliwa mwaka 1938, ukafungwa mwaka 1969, na kufunguliwa tena mwaka 2001. Vijana waliokutana hapo walitamani kufikia mwendo wa maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160 hivi. Walichanganya vipuri vya viwanda mbalimbali: injini ya Triumph iliyofungwa katika chasisi ya Norton ilizaa pikipiki iliyoitwa Triton. Usukani waliushusha ili mpandaji ainame na kuupunguza upepo unaomkabili.

Walikuwa na haki kufanya hivyo. Ukinzani wa hewa hukua kwa kipeo cha pili cha mwendo. Tulinganishe kilomita 160 kwa saa na kilomita 50 kwa saa, ambazo ndizo kikomo cha mwendo katika maeneo ya makazi nchini mwetu. Gawanya 160 kwa 50, kisha zidisha jibu kwa lenyewe: utapata kama 10. Yaani upepo uliomkinza kijana wa London ulikuwa na kani mara kumi ya ule unaomkinza mtu wa Buhongwa. Umbo hili lilijibu tatizo ambalo sisi hatunalo. Hakuna ubaya kulipenda kwa uzuri wake, ila tusitoe usalama wetu kununua faida ambayo hatutaipata.

INJINI TUNAYOIKUTA

Pikipiki nyingi za Kichina zilizoletwa nchini zina injini iliyofuata muundo wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976. Wahandisi wa Honda waliona kwamba katika nchi zinazoendelea pikipiki hubebeshwa mizigo mizito na oili hucheleweshwa kubadilishwa. Kwa hiyo walirudi kwenye mpango wa zamani wa fimbo za kusukumia vali, kwa kuwa unavumilia matunzo haba kuliko ule wenye mhimili wa vali juu ya silinda. Kipenyo cha silinda yake ni milimita 56.5, na pistoni husafiri milimita 49.5. Mwanafunzi akitafuta ujazo wa mcheduara huo atapata sentimita za ujazo 124.1. Hapo ataelewa kwamba ile namba 125 iliyoandikwa ubavuni ni hesabu ya darasani.

PIMA KWANZA

Kabla ya kufungua hata nati moja, pikipiki ichorwe na vipimo vyake viandikwe. Weka gurudumu la mbele juu ya mizani, na la nyuma juu ya kipande cha ubao kilicho sawa na kimo cha mizani, soma uzito. Kisha badilisha. Tuseme mbele umepata kilo 52 na nyuma kilo 63, jumla 115, na umbali kati ya ekseli mbili ni mita 1.30. Kwa kanuni ya momenti, kitovu cha uzito kiko mbele ya ekseli ya nyuma kwa mita 1.30 × 52 ÷ 115, yaani kama mita 0.59.

Sasa mwongeze mpandaji wa kilo 65. Akikaa wima, tuseme kitovu cha uzito wake kiko mita 0.40 mbele ya ekseli ya nyuma. Atalipa gurudumu la mbele kilo 20, na gurudumu hilo litabeba kilo 72 kati ya 180, sawa na asilimia 40. Akiinama juu ya usukani uliokatwa, kitovu chake kikasogea hadi mita 0.55, gurudumu la mbele litabeba kilo 79.5, yaani asilimia 44. Bila kuongeza hata gramu moja ya chuma, tabia ya pikipiki imebadilika: springi za mbele zitabonyea zaidi, na viganja vya mpandaji vitabeba sehemu ya kiwiliwili chake.

USUKANI

Usukani ni wenzo. Ukiupunguza upana kutoka sentimita 72 hadi 60, kila mkono unabaki na sentimita 30 badala ya 36 kutoka katikati. Ili kupata momenti ile ile, kani ya mikono yapasa kuongezeka kwa asilimia 20. Katika mchanga au katika tope la masika ongezeko hilo huhisiwa mara moja.

Usukani ukishafungwa, uzungushwe hadi mwisho kushoto na kulia. Usiguse tangi, wala usibane vidole. Kisha injini iwashwe pikipiki ikiwa imesimama, gia zikiwa huru, na usukani uzungushwe tena. Sauti ya injini ikipanda, waya wa mafuta unavutwa; pikipiki hiyo itajiongezea mwendo yenyewe kwenye kona.

KITI NA CHASISI

Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi. Ili kupata mkia mfupi, hukata ncha ya nyuma ya chasisi. Lakini katika pikipiki nyingi za aina hii vichwa vya shokapu mbili za nyuma vimefungwa kwenye mabomba hayo hayo. Shokapu husukuma juu kwa kani kubwa kila gurudumu linapoingia shimoni. Kwa hiyo msumeno usipite kamwe mbele ya mahali shokapu zilipofungwa, na ncha zilizokatwa ziunganishwe kwa bomba la kupinda, zisiachwe zikining'inia.

Bomba la kuungia nalo lisiwe lolote lililopatikana. Kwa mabomba yenye ukuta wa unene mmoja, uwezo wa kukataa kupinda hufuata kipeo cha tatu cha kipenyo. Bomba la milimita 20 likiwekwa mahali pa lile la milimita 25, ugumu hushuka hadi karibu nusu, ingawa kwa macho tofauti ni ndogo. Bomba la maji lililopakwa zinki halifai: likichomelewa hutoa moshi unaomletea fundi homa. Kuchomelea kufanywe na fundi aliyefunzwa, betri ikiwa imeondolewa. Tangi la petroli lisichomelewe shuleni kwa hali yoyote. Hata tangi linaloonekana tupu lina mvuke unaoweza kulipuka.

HEWA NA VUMBI

Uso wa Ziwa Victoria uko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya Mwanza ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, na nguvu ya injini hupungua kwa kiasi kama hicho. Petroli huungua vizuri ikipata karibu gramu 15 za hewa kwa kila gramu moja. Wapenda mtindo huondoa sanduku la chujio la hewa ili katikati ya chasisi paonekane wazi. Matokeo yake hewa huzidi petroli, na injini hupata joto kupita kiasi. Tena vumbi la barabara, lenye chembe za mchanga, huingia na kukwaruza silinda. Anayeanza aliache sanduku mahali pake. Rangi ya plagi itamwambia hali ya mchanganyiko: nyeupe, petroli ni chache, nyeusi yenye masizi, imezidi, kahawia, ni sawa.

BREKI KABLA YA RANGI

Mwendo wa kilomita 50 kwa saa ni mita 13.9 kwa sekunde. Tuchukulie kwamba breki zote mbili zikiwa nzima hupunguza mwendo kwa mita 6 kwa sekunde kila sekunde: pikipiki itasimama baada ya mita 16. Ikitumika breki ya nyuma peke yake, kwa kiasi cha mita 3, itahitaji mita 32. Ongeza mita 14 zinazopita mpandaji anapozinduka. Mita 16 za ziada ni upana wa barabara na zaidi, na mtoto anayevuka hana namna ya kuzirudisha. Kwa hiyo fedha za kwanza za kikundi ziende kwenye breki, beringi, tairi na mnyororo. Rangi ije mwisho.

Pikipiki inunuliwe pamoja na kadi yake, na namba za chasisi na injini zisifutwe wala kupigwa msasa. Taa, vioo, honi na viashiria vibaki, kwani Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 haimruhusu mtu kuendesha chombo kibovu barabarani. Majaribio yafanywe na mwenye leseni, katika uwanja uliofungwa, akiwa na kofia ngumu. Oili chafu ikusanywe chomboni. Ikimwagwa mtaroni, mvua itaipeleka ziwani.

MASWALI YA DARASANI

1. Sproketi ya mbele yenye meno 14 ikibadilishwa kwa yenye meno 15, na ya nyuma ikabaki na meno 42, mwendo wa gurudumu utaongezeka kwa asilimia ngapi injini ikizunguka vile vile? Pikipiki itapanda kilima vizuri zaidi au vibaya zaidi?

2. Rudia hesabu ya kitovu cha uzito kwa pikipiki iliyopo karibu na shule yenu, ikiwa na abiria nyuma. Gurudumu la mbele linabaki na asilimia ngapi ya uzito wote?

3. Chagueni kifaa kimoja ambacho mngependa kukiondoa. Elezeni kazi yake kwa maandishi, na fundi asome maelezo yenu kabla hamjashika spana.