Tunasoma Nini Mwezi Huu, Masta?

Jumapili iliyopita, saa mbili ya usiku, huku kwetu Kimanga, Uvira. Kuran imekatika tangu saa kumi, telefone yangu iko na asilimia 19, na ng'ambo ya ziwa taa za Buja ziko zinawaka kama vile zinatuchokoza. Grupu imeanza kulia: ting, ting, ting. Admini ametupa lile swali lake la kila mwanzo wa mwezi, lenye linaleta kelele kuliko mechi ya Léopards: tunasoma nini mwezi huu, masta?

Kama hujawahi kuchagua kitabu na watu thelathini, kila mmoja na forfe yake, sharji yake na kichwa yake nguvu, bado hujui likambo. Heri uchague muziki wa harusi.

Sisi si watu wa sehemu moja. Kuko wa Kimanga, wa Mulongwe, wa Kalundu, wa Kavimvira kule karibu na mpaka. Kuko wenye wanasoma chuo Bukavu. Kuko dada mmoja wa Nyarugusu, ile kambi ya upande wa Kigoma, yeye kwake ni saa tatu tayari na anataka kulala. Na kuko kaka mmoja Kentucky, Marekani, kwake bado mchana na yuko kazini, anapakia makarton huku anasikiliza vokali zetu kwa sikio moja ili bosi asione. Vita vilitutawanya kama ndagala kwenye mkeka. Grupu ndiyo balabala yenye imebakia kwa kukutana.

Nyumbani tulikuwa na vitabu vya baba, katoni moja nzima. Aprili 2020, wakati tungali tunakaa karibu na mto Mulongwe, maji yaliruka kingo usiku yakaingia ndani ya manyumba, na katoni ikaenda. Kilibakia kitabu kimoja cha jiografia, kimevimba kama mkate ndani ya chai. Tangu pale maktaba yangu iko kwenye telefone yenye kioo kimepasuka kona.

Sasa, mwanzo wetu ulikuwa wa mayele mingi. Yaya mmoja, mtu wa chuo, alitupendekezea Mudimbe: *Entre les eaux*, riwaya ya 1973, padri mwenye anaacha parokia anaenda kujiunga na waasi mlimani. Kitabu kikali, sikatai. Mudimbe ni wetu, mtoto wa Likasi, dunia nzima ilimvulia kofia. Lakini unajua ilivyoenda? Watu watatu ndio walimaliza, na wote watatu walikuwa na digrii. Jumapili ya mjadala walipiga Kifaransa kirefu, kile cha kuvaa tai. Sisi wengine tuliwaachia vu: tumesoma, tumenyamaza. Si kwamba hatukuwa na la kusema. Mimi nilikuwa na maneno yangu juu ya yule padri, nilibonyeza ile alama ya mikrofoni mara tatu, na mara tatu nikafuta. Nilikuwa naogopa kuanguka mbele ya watu juu ya kitenzi kimoja cha Kifaransa. Grupu ilikuwa imegeuka masomo, na mwalimu yuko na fimbo.

Pale ndipo nilianza kuelewa kitu. Sisi hatusomi kwa macho tu. Mjadala wetu wote ni vokali: dakika mbili huku, dakika nne kule, mtu anaongea huku anakoroga bukari. Kitabu chenye hakipiti mdomoni, kwetu hakipiti.

Dada wa Nyarugusu ndiye aliyetutoa kwenye aibu. Alisema: jamani, tujaribu *Rosa Mistika*. Kelele! «Kiswahili ya Tanzania iko nguvu.» «Sisi tunasema sombe, wao kisamvu, tutaelewana wapi?» Akajibu kwa vokali ya sekunde sita: someni kurasa kumi, kisha mnitukane.

Hatukumtukana. Euphrase Kezilahabi alikuwa mtu wa Ukerewe, kisiwa ndani ya ziwa lingine, na mtu wa ziwa anajua mtu wa ziwa. Kitabu kilitoka 1971, serikali ya Tanzania ikakizuia mashuleni juu kilikuwa kinasema mambo ya wasichana na wanaume bila kuweka pazia. Tuliposikia tu kwamba kilizuiliwa, hata wale wa vu waliamka. Ndani ya kitabu kuko baba mmoja mkali, Zakaria, mwenye anamfungia binti yake Rosa kila dirisha, na siku Rosa anatoka nje ya ule ukali, hajui kutembea. Mwisho sisemi, kasome.

Lakini acha nikuambie ya mama wa ndagala. Binti yake ni mwenzetu kwenye grupu, na ni wa wale wenye wanafungulia vokali kwa sauti ya juu nyumba nzima isikie. Mama yuko anatandaza ndagala uani, anasikia watu wanagombana kuhusu Zakaria. Anauliza: huyu Zakaria anakaa kartie gani? Binti anacheka, anamwambia ni mtu wa kitabu. Mama ananyamaza kidogo. Kisha anafuta mikono kwenye kikwembe, anachukua telefone, na tunapokea vokali ya dakika nne na sekunde hamsini, kuku wanalia nyuma yake. Mama hajasoma hata ukurasa mmoja. Alituambia kwamba baba wa namna ile anamjua, alikuwa wake mwenyewe, na kwamba siku ya mazishi yake alilia sana na mpaka leo hajui alikuwa anamlilia nani. Grupu ilikaa kimya robo saa. Yaya wa Mudimbe ndiye alijibu wa kwanza, na siku hiyo hakutia Kifaransa hata kidogo.

Hapo mambo yakabadilika. Kila pendekezo sasa linapitia mtihani mmoja: je, mama wa ndagala angeuliza swali?

Kuko na mambo ya tumbo vilevile, tusijifanye wazungu. Kitabu kina uzito, na kwetu uzito ni mega. Faili ya kitabu chenye kilipigwa picha ukurasa kwa ukurasa inaweza kufika mega 80, na hiyo ni forfe ya mtu ya siku kadhaa imekwenda kabla hajaona neno la kwanza. Faili ya maandishi matupu, riwaya ileile, haifiki mega mbili. Kwa hiyo ukipendekeza, unataja jina la mwandishi na mega pamoja, kama muuza samaki anavyotaja mukeke na bei. Na kuko likambo la wizi. Hizi faili zenye zinazunguka, nyingi mwandishi hajapata hata franka. Mimi naona ni aibu, hasa mwandishi akiwa hai, na nimegombana na watu kwenye grupu juu ya hilo. Tumefika hapa: kitabu kipya, tunachanga, tunanunua cha karatasi, kinatembea mkono kwa mkono, na wenye wako mbali wanasimuliwa sura kwa vokali. Si dawa kamili. Lakini tunalala vizuri kidogo.

Ndivyo *Peponi* ilifika. Abdulrazak Gurnah alipata Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota wa Dar wakatoa *Paradise* yake, ya 1994, kwa Kiswahili cha Ida Hadjivayanis. Nakala yetu ilipita Kigoma, ikapanda boti ya mizigo mpaka Kalundu, imefungwa ndani ya sashe mbili nyeusi kama simu ya wizi. Mle ndani kuna kijana Yusufu anafuata msafara wa tajiri kutoka pwani, wanaingia bara, wanafika ziwani, wanavuka. Hapo, bana, ungesikia! Ziwa gani? Hili? Walishukia wapi upande huu? Mtu wa Kalundu alisema kwetu, mtu wa Fizi akasema usituibie, ni kwetu. Wiki nzima hakuna mwenye aliongea juu ya Yusufu mwenyewe, masikini, watu walikuwa wanachora ramani. Tumezoea hadithi ya ziwa hili kutoka midomo ya wageni. Burton na Speke walifika Uvira kwa mtumbwi mwaka 1858, na wapenda historia wanaimba jina lao mpaka leo. Kuvuka na wenye kubeba mizigo, kwa Kiswahili, ni kitu kingine kabisa.

Si kila kitabu kilienda freshi. Tulichukua *Petit pays* ya Gaël Faye, ile yenye ilipata Goncourt ya wanafunzi 2016 na kugeuzwa filamu 2020. Kila kitu kilikuwa kinakubali: ni Buja, ni ng'ambo tu hapa, Kifaransa chake ni chepesi, kina watoto wanaiba maembe. Na kuko yule jirani, bibi Mgiriki, mwenye anamwazima mtoto Gaby vitabu wakati mji unaanza kuharibika. Tulimpenda wote. Halafu ikafika 1993, na vita. Katika grupu kuko watu wenye familia zao zilikimbia kutoka kule kuja huku mwaka ule, na kuko wenye walikimbia kutoka huku kwenda kule 1996. Mtu mmoja alianza vokali, ikasikika pumzi tu sekunde ishirini, akakata. Admini alifunga mjadala wiki mbili. Mimi nadhani kitabu hakikuwa na kosa. Kosa ni letu: kitabu kile hakisomwi kila mtu peke yake gizani na telefone sikioni. Kinataka watu wakae pamoja, waonane macho, kuwe na chai.

Baada ya hapo tulitafuta kicheko, na tulikipata kwa Che Guevara, amini usiamini. Aprili 1965 alivuka kutoka Kigoma kwa siri, akashukia Kibamba, pwani ya Fizi. Wakubwa wa kikosi chake cha Wacuba walijipa majina ya hesabu ya Kiswahili: Dreke akawa Moja, Tamayo akawa Mbili, na Che, mtu mzima na umaarufu wake wote, akawa Tatu. Kijana wetu mmoja, Freddy Ilanga, aliwekwa kumfundisha lugha. Baadaye alienda Cuba akawa daktari. Shajara ya Che ya miezi ile ilichapishwa 1999 na haijisifu hata kidogo, anakubali tangu mwanzo kwamba walishindwa. Analalamika wapiganaji wa huku walikuwa wanakataa kubeba mizigo, wanamwambia wao si lori. Kaka wa Kentucky alisikiliza kipande hicho kazini akacheka mpaka bosi akamwona. Alisema na yeye angependa kumwambia bosi yeye si lori.

Sasa nakuja kwa kitabu cha mwezi huu, chenye mimi ndiye nilikipendekeza, na nilishinda kwa kura mbili tu.

Mwaka 1965, mwaka uleule wa Tatu, kule Elisabethville, leo Lubumbashi, watu wenye walikuwa maboi wa wazungu walitaka habari zao ziandikwe. André Yav aliziandika kwa taipu, kwa Kiswahili, akaita kijitabu *Vocabulaire* ya mji wa Elisabethville. Si Kiswahili cha Dar, si cha Zanzibar. Ni cha Congo, chenye «batu», chenye maneno ya Kifaransa yamevaa kikwembe, kile chenye mwalimu alitupiga fimbo juu yake. Ndani kuko Leopold, kuko Stanley, kuko Msiri, kuko hata ba-tumbula, wale wa kukamata watu usiku, ambao bibi yangu alikuwa anatutishia nao tusichelewe ziwani. Maandishi yake yako bure kwenye intaneti, na mega hazisikii kitu.

Wenye walipiga kura ya hapana walisema hakisomeki. Ni kweli, ukikiangalia kwa macho: maneno yameshikana, nukta haziko mahali pake, sentensi inaanza hujui itaisha wapi. Johannes Fabian, mwenye alikitoa kama kitabu mwaka 1990, alihangaika hivyohivyo mpaka mwenzake wa kazi, Mkongomani Kalundi Mango, alipokisoma kwa sauti. Kikifika sikioni, kinafunguka.

Nilijaribu jana jioni. Nilisoma ukurasa wa kwanza kwa vokali, dakika tatu, nimesimama uani kwetu. Mtu wa kwanza kujibu alikuwa binti wa mama wa ndagala. Hakuandika kitu. Alituma vokali, na ndani yake ni mama anauliza: huyu Yav anakaa kartie gani?

Tunaanza Jumapili hii, saa mbili ya usiku ya Uvira, saa tatu ya Nyarugusu. Kila mtu ukurasa mmoja, kwa sauti. Sharji telefone mchana, kabla kuran haijaenda.