Uhispania: Mate ya nguruwe yasaidia kutambua mgonjwa zizini

Kutoa damu kwa nguruwe si kazi ndogo. Mnyama hufungwa kamba puani, watu humshikilia, naye hupiga kelele hadi zizi zima linashtuka. Hofu hiyo peke yake inaweza kubadilisha baadhi ya vipimo. Ndiyo maana watafiti wa mifugo katika Chuo Kikuu cha Murcia, kusini-mashariki mwa Uhispania, wamegeukia mate.

Nguruwe hupenda kutafuna. Hupewa sifongo iliyobanwa kwenye fimbo, akaitafuna hadi ilowe. Kisha sifongo hutiwa ndani ya chupa na kuzungushwa kwa mashine, mate yakatoka.

Kinachopimwa humo ni kimeng'enya adenosini deaminasi, kwa kifupi ADA. Vimeng'enya ni protini zinazoharakisha kazi za kikemia mwilini. ADA imo kwa wingi katika seli za kinga. Mwili unapopambana na vijidudu au jeraha na kuvimba, nguvu yake hupanda. Mwaka 2017, watafiti wa Murcia walieleza katika jarida la PLOS ONE kwamba nguruwe wagonjwa walikuwa na ADA ya juu katika mate kuliko wazima.

Kwa madaktari wa binadamu jina hilo si geni: ADA hupimwa katika maji yanayojaa kando ya mapafu, pale kifua kikuu kinaposhukiwa.

Hata hivyo, si kila kimeng'enya hupanda. Paraoksonasi-1, inayotengenezwa na ini, hushuka katika damu wakati mwili umevimba. Kila kipimo kina lugha yake.

Jambo hili linagusa mfuko wa mfugaji na afya ya watu pia. Tangu tarehe 28 Januari 2022, Umoja wa Ulaya unakataza kuwapa mifugo antibiotiki kwa mazoea, kwani vijidudu huzoea dawa hizo na mwishowe hata mtu hatibiki. Mfugaji anapaswa kujua ni nani hasa anayeumwa.

Lakini ADA haitaji jina la ugonjwa, na mate yaliyochanganyika na chakula au mavi hupotosha majibu. Kipimo hupiga kengele tu; kutafuta chanzo kunabaki kazi ya daktari wa mifugo.